Anatafutwa Mtu Asiye na Meno

Hilda Leodegar alirudi nyumbani Uru siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, katikati ya muhula, na hakuna aliyekufa. Jambo hilo lilileta utata mkubwa. Kwa desturi mwanachuo hurudi nyumbani kwa sababu mbili tu, likizo au msiba, na likizo ilikuwa bado. Kwa hiyo mama yake, Eliona, alipomwona binti akipanda kijia cha migombani na begi moja begani, alitupa chini mzigo wa majani ya ng'ombe akauliza:

"Nani?"

"Shikamoo, Mama. Hakuna mtu."

"Marahaba. Nani amekufa, Hilda? Ngoja, niambie nikiwa nimekaa." Akakaa juu ya majani.

"Hakuna aliyekufa. Nimechoka tu."

Ieleweke kwamba katika Uru nzima, kuanzia barabara ya chini hadi ukingo wa msitu, uchovu haukuwa sababu ya kitu chochote. Mtu aliyechoka hukata majani akiwa amechoka. Ng'ombe hana habari. Lakini Eliona alikuwa amezaa sita, na macho ya huyu wa tatu aliyaona yamezama kwa namna ambayo wakati wa Krismasi hayakuwa. Hakuuliza tena. Alimpikia mtori wa ndizi, akamtandikia kitanda, akamfungia mlango, akarudi kwa ng'ombe wake.

Hilda alilala mpaka Ijumaa saa nne. Baba yake, Leodegar Sirili, alipita dirishani mara tisa kuhakikisha anapumua.

Leodegar hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa tu na mtoto wa kwanza katika kijiji kusomea udaktari wa meno, na aliona si haki kuwanyima watu habari hiyo. Aliwapa watu wa kwaya, akampa mchunga mbuzi, akampa hata yule mnunuzi binafsi wa kahawa aliyekuja mwaka ule na pikapu na mizani inayoyumba. "Pima vizuri, kijana," alimwambia, "binti yangu ni daktari wa meno." Mnunuzi akauliza mizani na meno vinahusiana vipi. Leodegar akamjibu kwa upole: "Utajua."

Sasa daktari mwenyewe alikuwa amekaa mezani mbele yake, kikombe cha chai mikononi, na kikombe kilikuwa kinagonga kisahani tik-tik-tik kama saa ya ukutani.

"Umefukuzwa?" aliuliza Leodegar.

"Hapana, Baba."

"Umefeli?"

"Bado."

Leodegar akatazama dari. "Kuna jambo... la upande wa mama yako kuuliza?"

"Sina mimba, Baba."

"Sijasema mimba. Nimesema jambo."

"Basi jambo hilo sina."

Ndipo akaeleza. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne ana kitabu cha kazi. Kuna meno ya kuziba, meno ya kung'oa, watoto wa kutibu, na kila kazi ina nafasi ya sahihi ya mwalimu. Mwisho wa kitabu kuna kazi moja kubwa: seti nzima ya meno ya bandia, juu na chini, kwa mtu asiye na jino hata moja. Mgonjwa unamtafuta mwenyewe. Unampima, unampangia meno kwenye nta, unamjaribisha, unamtengenezea, halafu mtahini anakuja kumtazama akitafuna na kusema. Mgonjwa asipotokea, hukufanya kitu.

"Wa kwangu wa kwanza alikufa," alisema Hilda.

"Mungu amrehemu," alisema Eliona.

"Wa pili nilimjaribisha yale ya nta. Akaomba dakika moja atoke nje ajitazame kwenye mwanga. Akapitiliza. Kumbe alikuwa na harusi ya mpwa wake Tanga. Nimeambiwa meno yaliyeyuka kwenye chai ya maziwa, mbele ya wakwe."

Eliona alijifunika kanga usoni, mabega yakatikisika. Lakini Hilda hakucheka, na hilo ndilo lililomfanya mama afunue kanga haraka. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akicheka hata kwenye rozari.

"Wa tatu aliibiwa."

"Mgonjwa? Anaibiwaje?"

"Na mwenzangu wa darasa. Mimi nilikuwa namnunulia soda. Yeye akamwahidi wali kuku kila Ijumaa." Akaweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Tunakaa kwenye vituo vya mabasi, Baba, tunatazama wazee midomo. Mwezi uliopita nilimfuata bibi mmoja sokoni nikisubiri apige miayo. Akapiga yowe la mwizi. Nilikimbia, na koti jeupe mwilini. Silali. Nikilala nasaga meno mpaka taya linaniuma asubuhi. Nikishika mashine mkono unacheza. Mwalimu aliniuliza mbele ya mgonjwa: wewe unaziba jino au unatwanga kisamvu? Wote wakacheka, na mgonjwa naye akacheka, na mdomo wake nimeushika mimi. Mpaka mwisho wa Oktoba nisipokuwa na mtu, narudia. Lakini si hilo tu, Baba. Hata nikimpata. Siwezi tena. Sirudi."

Leodegar alisikiliza yote. Ila alikuwa kama redio ya betri kuukuu. Ilishika kituo kimoja tu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Shida ni mtu asiye na meno?"

"Baba, nimesema si hilo—"

"Hilda. Mtu asiye na meno. Hapa Uru?" Leodegar alicheka mpaka akafuta macho, cheko la mtu aliyeambiwa kuwa deni lake ni yai moja. "Mwanangu, wangekutaka utafute mzee mwenye meno yote, hapo ndipo ningekuombea misa."

Akachukua kofia yake akaenda kuita ukoo.

*

Mkutano Mkuu wa Ukoo wa Kumteua Asiye na Meno ulifanyika Jumapili baada ya misa ya pili, uani kwa Leodegar, mbele ya zizi. Ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na tano. Nchi nzima ilikuwa inajiandaa kuchagua kwa vyama vingi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na Uru hawakutaka kuonekana wako nyuma. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwepo, ya kutosha lakini si ya kupoteza fikra. Leodegar alijiteua mwenyekiti na hakuna aliyepinga, kwa kuwa mbege ilikuwa yake.

Wagombea walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Bibi Mektrida, aliyekuwa na sifa zote ila alijitoa dakika ya pili, baada ya kusikia kwamba wanafunzi wengine wangesogea kutazama. "Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi kuuona mdomo huu mtupu," alisema kutoka nyuma ya kanga. "Leo nikawaonyeshe vijana wa Dar es Salaam? Tafuteni mwingine."

Wa pili alikuwa Mzee Thadeus, binamu ya babu yake Hilda. Alifungua mdomo kabla hajaombwa. Hilda, aliyeitwa kutoka kitandani na kupewa tochi, alimulika. Fizi zilikuwa safi, pana, za waridi, kama mgongo wa ndama aliyezaliwa jana.

"Sifuri?" aliuliza mwenyekiti.

"Sifuri," alisema Hilda kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka.

Makofi.

Wa tatu alikuwa Babu Sirili mwenyewe, baba yake Leodegar, aliyemlea Hilda mgongoni mama alipokuwa shambani. Alifungua mdomo polepole. Chini, mbele, kulikuwa na meno mawili yamesimama mbalimbali kama nguzo za goli la shule ya msingi.

"Mawili, Babu," alisema Hilda.

"Mawili tu! Kati ya thelathini na mawili! Hata shuleni mtu hupita kwa nusu."

"Wanataka mdomo usio na kitu, Babu."

"Na haya mtu hayaoni nikinyamaza."

"Sirili," alisema Mzee Thadeus kwa huruma ya mshindi, "kubali matokeo."

Hawa wawili walikuwa hawajakubaliana jambo tangu mwaka wa sitini na moja, ulipotokea mzozo wa mgomba mmoja ulioota mpakani mwa vihamba vyao, mashamba waliyorithi. Sasa Thadeus alisimama, akakung'uta suruali, akatoa masharti yake. Angesafiri dirishani. Angevaa koti alilonunuliwa na binti yake anayekaa Soweto, mtaa wa mjini. Asingelazimishwa kula samaki. "Na la mwisho," alisema. "Siku daktari huyu akifaulu, mtachinja. Mbuzi akichinjwa, kidari ni changu. Si leo tu. Katika kila sherehe ya nyumba hii, mpaka nife."

Wachaga hawagawi nyama ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari katika nyumba ile kilikuwa cha Sirili, kama kilivyokuwa cha baba yake. Watu walimtazama Sirili, na Sirili akatazama ndani ya kata yake ya mbege.

"Yupo wa kupinga?" aliuliza mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mimi," alisema Hilda. "Sijasema kama narudi."

Ukoo ukampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Binti msomi namna ile, na bado anajishusha! Kura zikapigwa kwa mikono, Thadeus akapita kwa kishindo, na Hilda akarudi kitandani na tochi ikiwa bado inawaka mkononi.

*

Jumatatu asubuhi Babu Sirili alifika kwenye kibanda cha Eliezeri, fundi baiskeli, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kufungua mdomo.

Eliezeri aliinama akatazama. "Naona meno, Meku," alisema, kama wazee wanavyoitwa Uru.

"Yatoe."

"Mimi ni fundi baiskeli."

"Si wewe uliyemtoa Esther msumari mguuni?"

"Msumari hauna mizizi, Meku. Na Hilda si yupo hapo juu? Si ndiye daktari?"

"Ndiye. Na anataka mtu asiye na meno, na mimi nina mawili, na Thadeus anataka kula kidari changu mpaka afe, na yule hafi. Shika koleo."

Eliezeri, kwa heshima ya taaluma, alilichemsha koleo kwenye sufuria ya chai. Mgonjwa alipewa bilauri ya kinywaji kikali ambacho serikali haikitambui. Jino la kwanza lilitoka na heshima zake. La pili likakatika. Babu Sirili hakulia. Aliwataja watakatifu saba mfululizo, wawili kati yao kanisa halijawatangaza, kisha akafunga jino moja na nusu kwenye leso, akamshukuru fundi, "Aika mbe," akapanda mlima.

Hilda na mama yake walikuwa barazani wakimenya ndizi za mchana. Babu aliifungua leso akaiweka juu ya sinia, katikati ya maganda.

"Sasa na mimi sina," alisema, na damu ikamtiririka kidevuni mpaka kwenye kola ya shati la Jumapili. Alikuwa anatabasamu.

Hilda alitazama leso. Akamtazama babu yake. Kisu kikamwanguka.

"Nani amefanya hivi?"

"Usijali nani. Andaa safari. Thadeus nimeshamwambia abaki."

"Nimeuliza nani!"

Eliona aliruka. Sauti ile ilikuwa haijasikika nyumbani pale tangu Alhamisi. Wala, ukweli usemwe, haikuwahi kusikika. Hilda alikuwa amesimama. Alimkalisha Babu kwenye kiti, akamtuma mama maji ya moto na kitambaa kilichopigwa pasi, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya jeraha.

"Uma. Kwa nguvu. Usiteme. Usiongee."

"Lakini mjukuu wangu—"

"Nimesema usiongee!"

Habari nchini Uru husafiri kwa kasi kuliko maji ya mfereji. Kabla kitambaa hakijabadilishwa, Leodegar alikuwa amefika kutoka kwenye kahawa, Eliezeri amefika na koleo lake kujieleza, na Mzee Thadeus amefika ndani ya koti la Soweto kuja kucheka. Hilda aliwapanga kwa macho. Wakasimama mstari mmoja, bila kuambiwa, kama waliokutwa na sukari bwenini.

"Fizi mbichi haipimwi!" alianza. "Jino likitoka, fizi inasinyaa. Nikimtengenezea leo, baada ya mwezi meno yataogelea mdomoni. Lazima ipone. Miezi mitatu! Minne! Na mzizi umebaki ndani. Eliezeri, unajua damu ya mzee inavyoganda? Unajua presha yake? Ulipima nini, upepo wa tairi?"

"Nilichemsha koleo," alisema Eliezeri kwa sauti ndogo.

"Babu Thadeus, cheka tena nisikie."

Thadeus alifunga koti.

"Na wewe, Baba." Hapo sauti ikashuka, na ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikuambia silali, ukaniitishia mkutano. Nilikuambia mkono unatetemeka, ukanipa tochi niishike. Mmepigia kura mdomo. Mimi nani aliniuliza? Tangu darasa la saba nani aliniuliza? Kila mtu hapa ananiita daktari, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kama ningemtazama mgonjwa. Tazameni sasa. Huyu mzee amejing'olea meno. Kwa ajili yangu. Na mimi hata kulia sikuweza, miezi miwili, nilikuwa kama ubao." Akawa analia, machozi yanamwagika, na mkono mmoja bado umeshika taya la babu yake lisifunguke.

Kisha Mzee Thadeus akamwinamia Leodegar sikioni na kunong'ona, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote wa nyumba ile:

"Umesikia anavyofoka? Kama wa hospitali ya mkoa kabisa."

Na ilikuwa kweli. Katika Uru daktari halisi alijulikana kwa kufoka, na mpaka asubuhi ile walikuwa hawajafokewa. Leodegar alisimama mikono nyuma, amefokewa na mwanawe mbele ya fundi baiskeli, na kifua chake kilikuwa kimejaa, hakujua ni aibu au fahari. Alipojichunguza aliona ni vyote viwili, na aibu ilikuwa inastahili.

"Daktari," alisema Eliezeri, akinyoosha mkono, "basi huo mzizi si uumalizie hapahapa? Koleo hili hapa, bado la moto."

Wote wakamtazama Hilda. Hii ndiyo picha waliyoitaka tangu alipokwenda chuo: mwenyewe, nyumbani, na mgonjwa mbele yake.

"Hapana," alisema Hilda. "Sina ganzi, sina vyombo, sina ruhusa. Siugusi. Baba, tafuta gari, anakwenda mjini."

Leodegar alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Kliniki ya mjini walimtoa Babu mzizi kwa dakika kumi, kwa ganzi, na wakamjaza pamba akapigwa marufuku kusema kwa saa nzima. Hilda alimshika mkono wakavuka barabara mpaka dukani kwa Mzee Mohan, muuza vitambaa, ambaye binti yake Anjali alikuwa darasa moja na Hilda chuoni. Mama Jasoda, mkewe, alimkalisha Babu karibu na majora ya kanga, akamsikitikia kwa Kiswahili, akamsikitikia tena kwa Kigujarati, kisha akampigia Hilda simu ya hosteli.

"Hilda! Uko wapi?" Sauti ya Anjali ilikuwa ya mtu anayetembea usingizini. "Wanasema umejificha."

"Niko dukani kwenu. Wewe uko salama?"

"Salama gani? Tangu Jumamosi nimelala jumla ya saa nne tu. Nikunj amepanga meno ya nta mara tano, mwalimu anamwambia ni ya farasi. Jana amekaa chini ya meza ya maabara, hataki kutoka. Tumempelekea chapati huko huko."

"Anjali. Mtu anaweza kuomba kuahirisha?"

Simu ikakoroma kidogo. "Kanuni ipo. Ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuitumia."

"Kwa nini?"

"Nyumbani utawaambiaje? Baba ameshachapisha kadi. *Dakta Anjali Mohan, Meno.* Mia tano. Ziko chini ya kaunta."

Hilda akainama akachungulia. Boksi lilikuwepo. Mzee Mohan, aliyefuata macho yake, alitabasamu kwa haya ya kibaba, akatoa kadi moja akaifuta vumbi kwa kiganja. Ilikuwa nzuri, yenye maandishi ya dhahabu. Hilda hakuwa na moyo wa kumwambia kitu.

"Isome hiyo kanuni, Anjali," alisema kwenye simu. "Halafu msomee Nikunj hapo chini ya meza."

Kisha akakaa kwenye benchi kando ya babu yake, ambaye hakuweza kujibu, na pengine ndiyo maana aliweza kumwambia.

"Babu, naweza kuondoka na Babu Thadeus Jumatano. Yuko tayari, hata koti amevaa. Nitafika kabla ya siku ya mwisho. Lakini nitafika hivi nilivyo. Nitamtengenezea meno mabaya, au nitaanguka katikati, au nitaingia na mimi chini ya meza." Alivuta pumzi. "Fizi yako inataka miezi mitatu. Hakuna wa kuiharakisha, hata ukoo mzima upige kura. Na mimi nataka miezi mitatu. Naandika barua leo. Januari tukiwa tumepona wote, twende. Utanisubiri?"

Babu Sirili alimgeukia, shavu limevimba upande mmoja. Kisha akauchukua mkono wa mjukuu wake, akauweka juu ya goti lake, akaufunika kwa wake.

*

Iliyobaki ilikuwa kazi ya Leodegar, na haikuwa nyepesi.

"Watu niwaambie nini?" alimuuliza binti yake. "Miezi mitatu utaonekana. Niseme kuna mgomo? Niseme chuo kinapakwa rangi?"

"Waambie nimechoka, Baba."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Leodegar alivua kofia mbele ya wanakwaya wenzake. Aligeuza kofia mkononi mara mbili. "Binti yangu alichoka," alisema. "Sana. Kosa sehemu fulani ni langu. Anapumzika, na Januari atarudi kumalizia kazi yake. Aliye na swali aulize." Mmoja akakohoa. Hakuna aliyeuliza. Lakini wakati wa kushuka, mama wawili walimfuata Eliona, kila mmoja kwa wakati wake, wakamuuliza kwa sauti ya chini huo uchovu dalili zake huanzaje.

Basi Hilda alilala. Wiki ya kwanza alilala tu. Ya pili akaanza kukata majani kidogo, ya ndama. Mwezi wa pili alicheka; Eliona alikuwa jikoni, akaacha ugali uungue ili asikilize. Kila Jumamosi Babu alikaa kwenye kiti uani akafungua mdomo, na Hilda akapapasa fizi kwa kidole na kusema "bado," na Babu akanywa uji wake bila kunung'unika. Mzee Thadeus alikuja kila ukaguzi. Alikuwa amejitangaza mgombea mwenza, endapo Sirili angefia njiani, na suala la kidari likaahirishwa bila kuwekewa tarehe.

Jumamosi ya pili ya Januari Hilda alipapasa, akarudia kupapasa, akasema: "Tayari."

*

Kazi ile Dar es Salaam ilichukua wiki sita. Babu Sirili alifikia kwa mpwa wake Magomeni, akalalamikia joto, na hakukosa miadi hata moja. Mara mbili alifika kabla kliniki haijafunguliwa akamsaidia mfagiaji. Kwenye darasa lile watu watano walikuwa wameusoma ukurasa wa mwisho wa kanuni, Anjali na Nikunj wakiwemo, na walirudi muhula ule na nyuso za watu waliolala. Mkono wa Hilda ulicheza siku ya kwanza. Aliuweka chini, akasubiri, akaunyanyua tena. Mwalimu wa utani wa kisamvu alipita, akatazama, akapita.

Siku ya mtihani mtahini alikuja na miwani na ubao wa karatasi. Alisukuma meno kwa kidole, juu, chini, kushoto. Hayakutikisika. Alimpa Babu biskuti ngumu. Babu akaitafuna, akaomba nyingine. Mtahini akaandika kitu.

"Sasa, mzee, hesabu kwa sauti, kuanzia sitini mpaka sabini. Hizo sita na saba ndizo humuumbua mtu mwenye meno mapya."

Babu Sirili alinyoosha mgongo. Akafunga kifungo cha shati. Wanafunzi wa viti vya jirani wakageuka.

"Sitini," alisema, na ilitoka kali, safi, kama chuma juu ya chuma. "Sitini na moja. Sitini na mbili."

Hakuna mluzi, hakuna mate. Sitini na sita ilipita. Sitini na saba ilipita. Hilda alikuwa amesimama kando, midomo yake ikienda bila sauti pamoja naye.

"Sabini," alisema Babu.

"Vizuri sana. Inatosha, mzee."

"Sabini na moja," alisema Babu Sirili.

Mtahini akamtazama Hilda.

"Mwache, Daktari," alisema Hilda. "Ametoka mbali."

Mtahini alitia sahihi kitabuni Babu alipofika sabini na nne. Kwenye themanini Anjali alikuja akasimama karibu na Hilda, glavu bado mikononi. Kwenye tisini na tano hata wagonjwa wa kwenye benchi walikuwa wamesimama. Babu alifika mia moja. Alizungusha macho chumba kizima, taratibu, kuhakikisha kila mmoja ameyaona meno aliyotengenezewa na mjukuu wake. Kisha akavuta pumzi na kuendelea na mia moja na moja.